Kutoka mizani hadi mkopo: namna chama cha msingi cha korosho kinavyoweza kuunganisha taarifa zake na kupata fedha za msimu

Nimekaa kwenye meza ya kupimia korosho hapa wilayani Masasi, mkoani Mtwara, misimu mingi, kwanza nikiwa karani, sasa nikiwa meneja wa chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa vijijini. Kila ikikaribia Oktoba, mameneja wenzangu wa vyama jirani hunipigia simu na swali lile lile: mbona nyie benki inawapa fedha za magunia na usafiri, sisi inatuzungusha tu? Korosho zao na zetu zinatoka kwenye mchanga ule ule, zinauzwa mnada ule ule. Tofauti iko kwenye daftari. Afisa mikopo akiuliza kilo tulizokusanya msimu uliopita, anataka tarakimu anayoweza kuifuata kutoka kwa mkulima mmoja mmoja, ipite kwenye lori, iingie ghala kuu, itoke mnadani, mpaka kwenye akaunti ya yule yule mkulima aliyeanza nayo. Ikikatika popote hapo katikati, faili lako linawekwa chini ya mengine.

Naandika jinsi tunavyofanya sisi, hatua kwa hatua. Mwenye chama cha ufuta au mbaazi naye atakuta mengi yanamhusu.

Anza kwa kujua fedha inakosekana wapi

Mkulima wa korosho anabanwa na fedha mara tatu. Mara ya kwanza ni kati ya Juni na Septemba, mikorosho ikitoa maua. Hapo anatakiwa kupiga dawa ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua), kufyeka na kulipa vibarua. Mara ya pili ni baada ya kuokota: mzigo uko ghalani lakini mnada bado. Mara ya tatu ni baada ya mnada, mnunuzi akiwa ameshinda lakini fedha haijafika. Chama nacho kina shida yake, kwa sababu kinatakiwa kiwe na magunia ya juti, mafuta ya gari na posho za wapimaji kabla hata kilo moja haijauzwa.

Kangomba, yaani mlanguzi anayenunua korosho kinyemela nje ya mnada, anaishi humo humo kwenye mianya hiyo. Mama ana mtoto anayetakiwa kuripoti shule, mnada uko mbali, na mtu amesimama mlangoni na fedha taslimu mkononi na bakuli. Anapima kwa bakuli, hana mizani, na bei anaipanga yeye. Sheria inakataza, semina zimefanyika, mabango yamebandikwa. Kwa niliyoyaona, kangomba hupungua pale mkulima anapokuwa na uhakika wa tarehe ya fedha yake. Uhakika huo unatengenezwa na chama, na kazi yake inaanza mwezi wa nane, ghala likiwa bado tupu.

Orodha ya wakulima ndiyo kazi kubwa

Ukisoma sehemu moja tu ya maelezo haya, soma hii.

Huku kwetu majina yanafanana sana. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na Issa Hamisi wanne, na wawili kati yao ni baba na mwana. Ukitegemea majina, lazima siku moja fedha ya huyu iende kwa yule. Mpe kila mkulima namba moja ya kudumu, na namba hiyo ndiyo iandikwe kwenye mizani, kwenye hati ya lori na kwenye faili la malipo. Wengi tayari wana namba ya usajili waliyopewa walipoandikishwa kwa ajili ya pembejeo za ruzuku, kwa hiyo tumia hiyo, usibuni nyingine. Mbele ya namba weka jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi, na namba ya NIDA yenye tarakimu 20. Fuatisha kijiji, idadi ya mikorosho, akaunti ya benki au namba ya simu ya kupokelea, na jina lililosajiliwa kwenye laini hiyo.

Hilo la mwisho wengi wanaliruka, na ndilo linalorudisha malipo. Mzee mmoja alikuja kujiandikisha akanitajia namba. Nikaiweka kwenye simu kama ninayetaka kutuma fedha, likatokea jina la kijana.

"Shikamoo babu. Laini hii ni ya nani?"

"Marahaba mwanangu. Ya mjukuu. Mimi nina hiki kiswaswadu, yeye ndiye mwenye simu nzuri."

"Kiswaswadu chako kinapokea fedha vizuri tu, babu. Laini yake imesajiliwa kwa jina lako?"

Ilikuwa imesajiliwa kwa jina lake, ila hakujua kwamba inafaa. Tukaandika hiyo. Mjukuu alikuwa kijana mwema, lakini chama hakiwezi kulipa korosho za Fulani kwa jina la mtu mwingine kisha kikawaeleza wakaguzi. Fanyeni ukaguzi huu kwa kila jina. Simu hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha muamala, basi soma jina, linganisha na orodha, kisha ghairi. Hakuna senti inayotumika.

Kazi hii ifanyike Agosti na Septemba, kijiji kwa kijiji, chini ya mti, mjumbe wa bodi akiwepo. Kila mkulima aelezwe taarifa zake zitatumika wapi na aweke saini au dole gumba. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ridhaa hiyo ina uzito wa kisheria. Orodha ya wakulima yenye namba za NIDA haitumwi kwenye kundi la WhatsApp, hata kama anayeiomba ni kiongozi.

Kuhusu programu ya kompyuta, msikimbilie kununua. Kwa chama chenye wakulima mia chache, jedwali la Excel lililotunzwa vizuri na nakala yake kwenye diski ya pembeni linatosha kuanzia. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa kusimamia vyama, MUVU, na afisa ushirika wa wilaya atawaelekeza kipi kinaingizwa humo. Akija mtu na programu yake nzuri ya kulipia kila mwezi, muulize jambo moja kabla ya kusaini: siku tukiachana, naweza kuondoka na taarifa zangu zote kwenye jedwali la kawaida? Chama kimoja nikifahamucho kilifungiwa programu ya namna hiyo, na mkataba ulipoisha kikaanza kuandika wakulima upya kwa kalamu. Misimu yote iliyopita ilikuwa imebaki kwa mwenye programu.

Mezani, siku ya kupima

Tumia mizani ya kidijitali yenye stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo. Hata hivyo, kila asubuhi weka juu yake jiwe la kilo 20 mbele ya wakulima waliokuja mapema. Isome kwa sauti. Ikisoma vingine, siku hiyo hakuna kupima mpaka irekebishwe. Nimeona imani ya kijiji kizima ikirudi kwa jiwe hilo tu.

Gunia tupu la juti lina uzito wa karibu kilo moja. Lipimeni lenyewe, muondoe uzito wake halisi. Msikadirie, na msikubali ule mtindo wa kukata kilo "ya mizani". Pima unyevu, tenganisha daraja la kwanza na la pili mbele ya mwenye mzigo, kisha karani aingize kwenye kishikwambi vitu vitano: namba ya mkulima, kilo, daraja, unyevu, na tarehe. Mtandao ukikatika, na kwetu unakatika, programu iwe inahifadhi ndani na kutuma baadaye. Daftari la karatasi lenye nakala liendelee sambamba. Mkulima aondoke na stakabadhi yake mkononi, na mwenye simu apate na ujumbe mfupi.

Tarakimu iliyoandikwa haifutwi. Kama karani kakosea, aandike mstari mpya wa kusahihisha wenye sababu na saini mbili. Afisa wa benki akifungua daftari akakuta wino mweupe, mazungumzo yameishia hapo.

Lori na unyaufu

Kutoka ghala la chama kwenda ghala kuu ndipo vyama vingi vinapofia. Ulipeleka tani 10, mwendesha ghala anasema zimefika kilo 9,670. Wakulima wanasema meneja kaiba. Meneja anasema dereva. Dereva anasema mizani ya ghala kuu.

Wakati mwingine ni wizi kweli. Mara nyingi ni unyaufu, yaani mzigo kupungua uzito maji yakikauka. Fanya hesabu hii na uibandike ukutani. Tani 10 zilizopokelewa zikiwa na unyevu wa asilimia 12 zina kilo 8,800 za korosho kavu na kilo 1,200 za maji. Zikikauka hadi asilimia 9, zile kilo 8,800 sasa ni asilimia 91 ya mzigo wote, na mzigo wote umekuwa kilo 9,670. Kilo 330 zimeondoka bila mtu kugusa punje. Kwa bei ya mfano ya shilingi 2,500, hiyo ni shilingi 825,000, na chama kinadaiwa na wakulima waliokwishaandikiwa kilo kamili.

Kwa hiyo msipokee korosho mbichi. Mwambieni mkulima arudi akaanike siku mbili tatu juani, ni kwa faida yake pia, maana zilizolala na unyevu huota ukungu na kushuka daraja. Na unyevu uliouandika mezani ndio utakaokutetea ghala kuu. Ukifika nao umeandikwa gari kwa gari, tofauti inaelezeka. Bila hiyo unabaki kuapa.

Kila lori lipewe namba ya safari, na hati yake iorodheshe mistari ya mizani iliyomo ndani: mkulima namba fulani, magunia mangapi, kilo ngapi, daraja gani. Msichanganye madaraja kwenye gari moja bila alama. Ghala kuu likishapima, kilo zao ziandikwe kwenye safu ya pembeni ya hati ile ile siku hiyo hiyo, dereva, mpokeaji na mwakilishi wa chama wakisaini wote.

Ghala kuu pia hukata sampuli kutafuta kiwango cha kiini kizuri, yaani ratili (pauni) ngapi za kiini kinachofaa zinapatikana kwenye gunia la kilo 80. Ratili 48 na kuendelea ni mzigo wa kujivunia. Omba matokeo hayo kwa maandishi na uyahifadhi kwa kila safari. Baada ya misimu miwili utajua kijiji gani kinatoa korosho nzuri na kipi kinahitaji bwana shamba, na benki ikiuliza ubora utakuwa na cha kuonyesha.

Stakabadhi ni dhamana, ijue ilivyo

Mfumo wa stakabadhi ghalani umewekwa na Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, na kwenye korosho ulianza msimu wa 2007/2008 hapa hapa Mtwara. Watu wengi wanauona kama njia ya kuuzia tu. Ulitungwa pia ili mzigo uliolala uweze kukopewa.

Stakabadhi inayotolewa na ghala kuu ina hati mbili, ya umiliki na ya rehani. Hati ya umiliki inaonyesha mzigo ni wa nani. Hati ya rehani unaikabidhi benki unapokopa, na mkopo huandikwa juu yake. Mnunuzi hawezi kuondoa mzigo ghalani akiwa na moja bila nyingine. Akinunua, deni la benki linalipwa kwanza, hati ya rehani inaachiwa, kinachobaki kinakuja kwenu. Ndiyo maana benki hukubali mzigo huu bila kudai nyumba ya mwenyekiti: korosho ziko kwa mtu wa tatu mwenye leseni, zimepimwa, na hazitoki bila benki kujua. Kwa korosho, stakabadhi huandikwa jina la chama kwa niaba ya wakulima, kwa hiyo jumla yake lazima ilingane na ile orodha ya mistari ya lori. Hapo ndipo kazi ya mwezi wa nane inapoanza kulipa.

Sasa, kukopea mzigo ili kungoja bei kunalipa lini? Fanya hesabu kwa kilo, usifanye kwa matumaini. Chukua tani 10 kwa shilingi 2,500, thamani yake shilingi milioni 25. Tuseme benki inatoa asilimia 60, yaani milioni 15, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Miezi miwili ya kungoja ni riba ya shilingi 300,000, sawa na shilingi 30 kwa kila kilo. Unyaufu wa asilimia moja nao ni kilo 100, yaani shilingi 250,000, shilingi 25 kwa kilo. Ongeza gharama ya ghala. Bei isipopanda zaidi ya shilingi 60 au 70, mmengoja bure. Mimi husema wazi mkutanoni: wiki moja mbili za kukataa bei mbaya, sawa. Kukaa hadi Februari mkitegemea muujiza, hapana. Wenye umri wanakumbuka Novemba 2018, serikali ilipoingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likabeba mzigo. Huwezi kupanga makisio ya chama kwa kutegemea jambo la namna hiyo.

Mnada na faili la malipo

Tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho inapitia Soko la Bidhaa, TMX, kwa mtandao. Zamani barua za wanunuzi zilitoka kwenye sanduku. Sasa bei zinaonekana kwenye kioo, na wakulima wakiwa ukumbini wanaridhia au wanakataa. Kwa meneja, faida kubwa ni kwamba mauzo sasa yana rekodi inayosomeka: mzigo gani, ghala gani, kilo ngapi, bei gani. Omba rekodi hiyo kutoka chama kikuu, yaani muungano wa vyama vya msingi, mara mnada unapoisha, na uiweke pembeni ya stakabadhi yako.

Faili la malipo lijengwe siku hiyo, msisubiri fedha iingie. Safu zake ni namba ya mkulima, jina, kilo zilizouzwa, bei, jumla, kila kato kwa jina lake, kinachobaki, na akaunti au simu. Makato yasirundikwe kwenye safu moja inayoitwa "makato". Yaandike moja moja: ushuru wa halmashauri, chama kikuu, chama cha msingi, usafiri, na mengineyo yaliyopitishwa. Jumla ya kilo kwenye faili ilingane na stakabadhi, na jumla ya fedha ilingane na ankara ya mnunuzi. Mmoja aandae, mwingine ahakiki, watia saini waidhinishe, na kila mmoja awe na nywila yake. Nywila ya mwenyekiti haikai kwa karani.

Fedha ikiingia, faili linakwenda benki siku hiyo hiyo. Malipo yatakayorudi, na yatarudi machache, yawe na daftari lake: jina, sababu, tarehe ya kurekebishwa. Halafu bandikeni ukutani namba za wakulima na kilo zao, bila majina na bila namba za simu, ili kila mtu ajikague.

Kuomba mkopo wa msimu

Chama cha ushirika hakikopi kwa matakwa ya meneja. Mkutano mkuu unapitisha makisio na kiasi cha juu cha kukopa, kisha Mrajis wa Vyama vya Ushirika anatoa kibali cha ukomo wa madeni. Mlolongo huo unachukua muda, kwa hiyo anzeni mapema, mkiwa na hesabu zilizokaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika. Ombi la mkopo lililofika benki mwishoni mwa Septemba bila kibali ni la msimu ujao.

Barua yangu huwa ya ukurasa mmoja, na viambatisho nyuma yake. Naeleza kilo za misimu mitatu, safari za lori na tofauti ya uzito kwa asilimia, siku zilizopita kati ya mnada na fedha kumfikia mkulima, idadi ya malipo yaliyorudi na yaliyorekebishwa, na nachoombea fedha. Hicho cha mwisho kiwe kifupi: magunia kadhaa, safari kadhaa, vibarua wa ghala. Mkopo wa msimu unaolipwa mnada wa kwanza na wa pili unaeleweka. Ukichanganya humo na pikipiki ya ofisi na kuezeka jengo, mtapewa kidogo au msipewe, na mkipewa mtakwama Januari.

Mkopo wa pembejeo ukihitajika, uwe wake peke yake, wenye orodha ya wakopaji kwa namba zao, na kila mkulima asaini kato lake kabla hajachukua dawa. Asiye na historia ya mizani aanze na kiasi kidogo.

Mezani na afisa mikopo, uliza haya bila aibu. Riba inahesabiwa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wote mpaka mwisho? Kwa mkopo unaolipa nusu yake katika mwezi wake wa pili, tofauti ni kubwa. Ada ya kuandaa mkopo na bima ni kiasi gani, na zinakatwa mwanzoni? Tukilipa kabla ya siku, kuna adhabu? Je, mkopo una udhamini wa Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, na kama upo, unatupunguzia nini? Tarehe ya marejesho ifuate ratiba ya minada, isiwe tu "tarehe 30 ya kila mwezi", kwa sababu mvua ikichelewesha ukaushaji mnasogea wiki mbili bila kosa la mtu. Nenda benki mbili au tatu ukiwa na faili lile lile. Sisi masharti yetu mazuri tuliyapata tulipoacha kuomba sehemu moja.

Mkishapewa, fungueni akaunti ndogo ya mkopo huo peke yake, na kila gunia linalonunuliwa liandikwe kwa namba na kufuatiliwa hadi kwenye hati ya lori. Februari, marejesho yakikamilika, mwandikieni afisa yule barua ya kufunga yenye jedwali la matumizi, hata kama hajaiomba, na nakala moja muiweke kwenye faili mtakaloanza nalo Agosti.